Nilikwea pipa kwenda kusoma, nikakabidhiwa ufagio!

WIKI iliyopita pale ofisini kwangu Kariakoo ilimwagika chai. Najua, hiyo si habari ya kuandika gazetini. Lakini ngoja kwanza.

Ofisi yenyewe ni ndogo, ya kuchapa kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti. Tupo watu watano na kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kaletwa na chuo chake, shati limenyooka utadhani anakwenda kuoa. Chupa ya chai ikaanguka, chai ikatiririka mpaka chini ya meza yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, chukua tambara hapo nyuma ya mlango, ufute."

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Kisha akasema taratibu, kwa adabu zote: "Bosi, mimi niko mwaka wa tatu."

Mwaka wa tatu! Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka sana, maana kijana yule nilikuwa namfahamu. Nilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1997, kwenye kioo cha choo kimoja huko Marekani, na sura yake ilikuwa yangu.

Basi msomaji wangu, kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

Mimi ni mtoto wa Magomeni Mapipa. Mshua wangu alikuwa mhudumu katika ofisi moja mjini, jina tuliache. Saa kumi na mbili asubuhi anafungua milango, anafagia, anapiga deki, anachemsha chai ya wakubwa. Ikifika saa tatu anageuka tarishi: anapanda baiskeli yake anasambaza barua kwenye maofisi, mabenki na balozi. Jioni anarudi ananukia dawa ya sakafu. Na kila jioni wimbo ulikuwa huo huo: "Soma mwanangu. Kalamu nyepesi, ufagio mzito. Soma usije ukashika ufagio kama mimi."

Nikasoma. Kidato cha tano na sita nikachukua HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa sababu nilishaambiwa mapema kwamba mimi na sayansi ni mbingu na ardhi. Nafasi za chuo kikuu hapa nyumbani wakati huo zilikuwa za kugombania kama daladala saa kumi na mbili jioni. Nikawa nashinda maktaba ya Wamarekani pale mjini, kwa kusoma na, kusema kweli, kwa sababu ya kiyoyozi.

Humo nikakutana na kitabu kinene kama tofali, kimeorodhesha vyuo vyote vya Marekani. Kila chuo na ada yake, na kila ada ukiibadilisha kwa shilingi unapata kizunguzungu. Nikafika herufi B: Berea College, jimbo la Kentucky. Ada ya masomo: hakuna. Nikadhani makosa ya uchapaji. Nikasoma tena. Kumbe chuo hicho hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu mwaka 1892! Kinachukua vijana wenye akili ambao kwao hakuna kitu. Chini yake kulikuwa na sentensi moja zaidi: kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni si chini ya saa 10 kwa wiki. Hiyo niliisoma haraka haraka, kama mtu anavyosoma yale maandishi madogo nyuma ya tiketi.

Nikaomba. Nikafanya mtihani wa Kiingereza. Nikaenda posta mpaka karani akanizoea. Jibu likaja: nimechaguliwa. Ada hakuna, lakini tiketi ya ndege je? Mshua akakopa kwenye chama cha kuweka na kukopa cha kazini. Mama akavunja kibubu cha vitumbua. Shangazi akauza cherehani. Agosti 1997 nikakwea pipa, mtaa mzima umekuja kunisindikiza kwa Hiace mbili.

Kijiweni Marekani tulikuwa tunaiita Unyamwezini, na Unyamwezini yetu ilikuwa ya magorofa na taa. Nilipotua Lexington nikaanza kuangalia juu. Gari likashika barabara kuu ya kusini, kilomita kama 60 hivi, na magorofa badala ya kuongezeka yakawa yanapungua. Nikaona farasi. Nikaona ng'ombe. Nikaona vilima vya kijani, mwanzo wa milima ya Appalachia. "Mjini ni wapi?" nikamuuliza aliyekuja kunipokea. "Tumeshafika," akajibu.

Chuo chenyewe kina wanafunzi kama 1,500 tu. Zipo shule za msingi hapa Dar zinazokizidi.

Baada ya siku chache nikapewa karatasi mbili. Ya kwanza ratiba ya masomo. Ya pili kazi yangu: usafi katika jengo la madarasa. Msimamizi, mzee wa Kizungu mwenye mikono kama ya seremala, akafungua stoo akanikabidhi ndoo, dawa na ufagio. Siku hiyo nilikuwa nimevaa tai, maana nilidhani ndiyo siku ya kukabidhiwa ofisi. Nikaingia chooni kuanza kazi, nikajiona kwenye kioo: tai shingoni, ufagio mkononi. Nimevuka bahari nzima kuukimbia ufagio, nao umefika kabla yangu!

Isije ikaonekana nilionewa. Pale hakuna asiyefanya kazi. Aliyekuwa akisugua masufuria bwaloni alikuwa anachukua fizikia. Aliyepokea mizigo ya wageni Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa mwaka 1909, alikuwa anasomea uuguzi. Wengine walikuwa shambani na nguruwe, wengine wanafuma vitambaa, wengine wapo maktaba. Kazi inapimwa kama somo, na siku ya kumaliza unatoka na taarifa mbili za matokeo, moja ya darasani na moja ya kazi. Tena unalipwa, ingawa mshiko wenyewe ni wa sabuni na stempu.

Lakini mimi ningeelezaje hayo Magomeni? Nikakaa nikaandika barua ya kwanza nyumbani: "Baba, namshukuru Mungu, nimepata kazi katika ofisi za maprofesa."

Sikusema uongo, jamani. Nilikuwa kweli kwenye ofisi za maprofesa. Na ndoo.

Mama alikuja kuniambia baadaye kwamba mshua aliisoma barua ile kijiweni mara tatu kwa sauti. Kufika Krismasi nilishapokea maombi ya raba nne, suruali mbili za jinzi na saa moja ya mkononi. Watu wamesikia niko ofisini.

Darasani nako kulikuwa na vituko vyake. Nilizoea madarasa ya watu wengi, mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, mtihani ukija tunatapika tulichomeza. Hapa tulikuwa watu kumi na kitu tumezunguka meza, profesa kakaa katikati yetu kama mmoja wetu, halafu anageuka ananiuliza: "Wewe unaonaje?" Mimi? Naonaje? Tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kunitaka maoni. Insha yangu ya kwanza ilirudi na maneno machache ya wino mwekundu: haya ni ya kitabu, ya kwako yako wapi? Nikakaa nayo usiku kucha. Ilikuwa ngumu kuliko kupiga deki.

Halafu lipo lile swali la nyumbani: "Unasomea nini?" Kwetu swali hilo linataka neno moja. Sheria. Udaktari. Uhasibu. Basi. Mimi muhula wa kwanza nilikuwa na somo la uandishi, biolojia, historia na muziki. Mtu wa HGL nimesimama maabara nakata jani nalitazama kwenye darubini, na mbingu haijaanguka! Katika vyuo vya aina hii mwanzoni unapitishwa kila upande, sayansi, sanaa, dini, hesabu, ndipo baadaye unachagua somo lako kuu. Nikajaribu kuwafasiria nyumbani jina la mfumo huo, nikaandika nasoma "elimu huria". Loo! Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilikuwa gumzo wakati ule kwa kufundisha watu wakiwa majumbani mwao. Shangazi akatangaza msibani mbele ya watu: "Kumbe cherehani yangu imempeleka mtoto Marekani kusoma kwa posta!"

Ni hilo neno "huria" lililokuja kunifumbua macho. Siku moja darasani tulikuwa tunasoma habari za Wayunani na Warumi wa kale. Kumbe jina la mfumo wetu wa elimu linatoka kwao. Zilikuwa elimu za mtu huru: sarufi, mantiki, ufasaha wa kusema, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Mtu huru, maana yake asiye mtumwa. Kazi za mikono waliachiwa watumwa, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kuzungumzia nyota.

Kwa mara ya kwanza nikanyoosha mkono bila kuulizwa. "Sasa kama hii ni elimu ya mtu huru, mbona sisi tunafagia?"

Darasa zima likacheka. Profesa hakucheka. Akaniambia, hilo ndilo swali zuri la muhula huu, nenda maktaba ukalitafutie jibu, kurasa kumi.

Nikaenda. Nikakuta habari za mchungaji mmoja, John G. Fee, aliyeianzisha Berea mwaka 1855 katika jimbo ambalo utumwa ulikuwa halali kabisa. Yeye alihubiri kwamba watu wote ni wa damu moja. Desemba 1859 wenye watumwa wakaja na silaha, wakawapa Fee na wenzake siku kumi wawe wameondoka. Wakaondoka. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha wakarudi, wakafungua shule, na katika mwaka wa masomo ulioanza 1866 walikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91, wanaume kwa wanawake, darasa moja. Mwaka 1866, msomaji wangu! Wengi wa wale 96 mwaka mmoja au miwili nyuma walikuwa mali ya mtu.

Halafu nikakuta habari ya kuumiza. Mwaka 1904 jimbo la Kentucky likatunga sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja. Chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1908 kikashindwa. Weusi wakatolewa. Sheria ile haikulegezwa mpaka mwaka 1950. Mwaka mmoja kabla ya mlango kufungwa, 1903, alikuwa amehitimu hapo Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, yeye mwenyewe aliyekuwa mchimba makaa ya mawe. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 ile wiki ya historia ya watu weusi ambayo siku hizi ni mwezi mzima.

Na kufagia je? Kazi ilianza kama njia ya kumsaidia mwanafunzi asiye na kitu ajilipie maisha ya chuo, baadaye ikawa ya wote. Lakini mimi katika kurasa zangu kumi niliandika la kwangu: kwamba watu waliofukuzwa kwa sababu ya kuukataa utumwa wasingeweza kujenga shule ambayo nusu ya watu wanazungumzia nyota na nusu wanawafagilia. Kalamu na ufagio vimekaa mkono mmoja, na hapo ndipo "huria" inapokuwa ya kweli.

Nikapata A.

Na jioni ile ile nikaandika nyumbani: "Ofisini kazi ni nyingi, lakini tunapambana."

Ndivyo nilivyokuwa. Kichwa kimeelewa, moyo haujui hata tulikuwa tunazungumza nini.

Mwenzangu wa zamu ya usafi alikuwa binti mmoja wa milimani huko mashariki ya Kentucky, baba yake mchimba makaa ya mawe. Kabla yake hakuna wa kwao aliyewahi kukanyaga chuo. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kumwona mzungu masikini; kwetu mzungu alikuwa ni gari lenye kiyoyozi linalopita. Huyu alikuwa na viatu jozi moja kama mimi. Siku za mapumziko alinikaribisha kwao, tukala maharage na mkate wa mahindi, nami nikawasongea ugali kwa unga wao wa sembe. Baba yake akala na majani yao yanayofanana na sukuma wiki, akasema mbona hiki ni chakula chetu. Kila Oktoba chuo kina siku moja ya kufunga madarasa, watu wote mnapanda mlima. Tukiwa kule juu, msitu chini umegeuka mwekundu na njano, nikamuuliza huyo binti kama huwa anaona aibu kwao wakijua anasafisha vyoo. Hakunielewa swali. Nililirudia. Akasema, "Baba ndiye aliyenifundisha kusafisha vizuri. Namuonaje aibu?"

Nikanyamaza, nikajifanya naangalia miti.

Basi, likizo ndefu ya mwaka 1998 nikabaki chuoni kufanya kazi, na safari hii nikapelekwa karakana ya fagio, maana Berea inatengeneza fagio za kuuza tangu miaka ya 1920. Kutoka kuzifagilia mpaka kuzitengeneza! Si fagio za chelewa kama zetu. Hizi ni za mtama wa aina yake, masuke marefu kama nywele. Unayaloweka yalainike, unayakaza kwenye mpini kwa uzi mgumu, unayabana kwenye jiliwa yawe bapa, halafu unashona kwa sindano kubwa mstari kwa mstari, mwisho unazikata ncha ziwe sawa. Ukishona ovyo, ufagio unachanika baada ya wiki. Nikaanza kuipenda kazi ile. Hilo nalo sikuliandika nyumbani.

Ijumaa, Agosti 7, 1998. Naingia ukumbini asubuhi kutafuta chai, nakuta televisheni imewashwa, na kwenye kioo maneno ambayo sikuwahi kuyaona kwenye televisheni ya Marekani: Dar es Salaam. Bomu ubalozini. Nairobi na Dar, asubuhi moja, dakika chache kwa chache. Moshi. Watu wanakimbia. Barabara naijua.

Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye baiskeli. Saa nne na nusu asubuhi ya Dar ni saa ya tarishi kuwa njiani. Na mshua barua zake zilikuwa za maofisi, mabenki na balozi.

Nyumbani hatukuwa na simu. Namba niliyokuwa nayo ni ya duka la Mangi, jirani yetu. Nikapiga. Haiendi. Nikapiga tena. Laini zimejaa. Msimamizi wa karakana akaniona nimesimama na mkonga wa simu kama sanamu, akaniletea kiti, akanisogezea mtama na sindano. "Piga, shona, piga," akasema. Nikapiga, nikashona, nikapiga. Siku ile nilishona fagio nyingi kuliko siku yoyote, na kila moja niliipitishia mishono miwili zaidi, sijui kwa nini.

Saa nane mchana ya Kentucky, saa tatu usiku ya Dar, simu ikaitika. Mangi akapiga kelele kuelekea nyumbani. Nikasikia ndala zinakuja mbio. Nikasikia pumzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipo. Leo barua zangu zilikuwa za upande wa bandarini." Kisha akasema, kwa ile sauti ya kunitoa hofu: "Wewe je? Uko ofisini?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni kule kumsikia akihema. Nikasema, "Baba, mimi sipo ofisini. Sijawahi kuwa ofisini. Nafagia. Mwaka mzima nilikuwa nafagia na kuosha vyoo, na sasa hivi nipo kiwandani natengeneza fagio."

Kimya. Kadi ya simu ikanitangazia kwa Kiingereza kwamba nimebakiwa na dakika moja.

"Za chelewa?" akauliza.

"Hapana baba. Za mtama."

"Zinadumu?"

Simu ikakatika.

Watu 11 walikufa Dar siku ile, na Nairobi zaidi ya 200. Mimi wangu alikuwa hai, na bado usiku ule sikulala, namsubiri anijibu.

Barua yake ilichukua wiki tatu. Ukurasa mmoja, mwandiko wake ule wa kubonyeza sana. Hakunigombeza kuhusu ufagio. Aliandika hivi: "Nilikuambia usome usije ukafagia. Sikukuambia kufagia ni aibu. Kama ndivyo ulivyonielewa, basi nilisema vibaya, unisamehe. Lakini naomba kukuuliza. Ulipokuwa unaficha watu wasijue unafagia, mimi ulikuwa unaniweka wapi?"

Msomaji wangu, nimewahi kufeli mitihani. Nimewahi kuachwa na mchumba. Sijawahi kusoma maneno mazito kama yale. Yule binti wa milimani aliniuliza swali hilo hilo mlimani, sikulisikia. Ilibidi liulizwe kwa Kiswahili.

Niliandika jibu mara nne nikachana mara nne. Mwishowe nikaomba mtu anipige picha karakanani, mtama magotini, sindano mkononi, meno yote nje. Nyuma ya picha nikaandika: "Mwanao, kazini." Nikaituma hiyo tu. Mama anasema mshua aliipeleka ofisini kwao, akawaonyesha wakubwa mmoja mmoja wakati anawapa chai.

Mwaka 2001 nikahitimu, somo kuu Historia. Taarifa yangu ya darasani nzuri. Ya kazi nzuri zaidi. Kwenye mzigo nikafunga ufagio mmoja nilioushona mwenyewe. Pale uwanja wa ndege jamaa wa mizigo akaushika akaugeuza huku na huku: "Miaka minne Unyamwezini, kaka, umeleta ufagio?"

Nyumbani mshua akaupokea kwa mikono miwili. Akaupinda, akauachia. Akahesabu mishono. Akasema, "Huu wa sakafuni. Uwanjani utakufa, uwanja unataka chelewa." Hayo ndiyo yalikuwa mahafali yangu hasa.

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo maisha yakawa bomba. Nilisota miezi minane bila kazi, ukapa mtupu. Matangazo ya kazi yalitaka mhasibu, mwanasheria, mhandisi, hakuna aliyetangaza anatafuta mtu wa kuulizwa "unaonaje?" Elimu ile haikupi jina la mlangoni. Inakupa uwezo wa kujifunza kitu kipya bila kuogopa, ndiyo maana nilipoajiriwa kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji sikuona haya kushuka chini kujifunza mashine, na ndiyo maana leo nina zangu mbili.

Wadogo zangu huwa mnaniuliza kuhusu vyuo hivi vidogo. Ni vizuri kwa anayetaka mwalimu amjue kwa jina na asiyeogopa kuulizwa. Kama ulishaamua toka utotoni kuwa daktari wa upasuaji, jua huko ni njia ndefu. Siku hizi hata Afrika vipo: Ghana kipo Ashesi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na Patrick Awuah, Mghana aliyesoma chuo cha namna hiyo huko Marekani. Ila kokote uendako usisome "ada hakuna" ukaishia hapo. Uliza chakula, malazi, bima na tiketi. Na yale maandishi madogo yasome polepole.

Mshua alifariki mwaka 2011. Ufagio ule upo, mama kaugomea usitupwe. Umelika upande mmoja tu, upande wa kulia, ndivyo alivyokuwa akifagia.

Sasa turudi kwenye chai. Kijana wangu wa mwaka wa tatu amesimama na shati lake, ananitazama. Sikumhubiria. Nikachukua tambara mwenyewe, nikapiga magoti, nikaanza kufuta chini ya meza yake. Ofisi ikawa kimya. Yule kijana akahama mguu huu, akahama mguu huu. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Bosi, kwani wewe huko Marekani ulisomea nini?"

Nikamwambia: "Lete ndoo kwanza, halafu nikusimulie."